Hesabu za moli zinapokataa: tambua kosa kwa uwiano wake

Hesabu ya moli (fungu la chembe 6.02 × 10²³) haikosewi ovyo. Jibu baya hutoka nusu ya linalotakiwa, au maradufu, au mara elfu, au mara 1.07, na kila namba kati ya hizo ina chanzo chake. Kwa hiyo kabla hujafuta ukurasa na kuanza upya, chukua jibu lako uligawanye kwa jibu sahihi. Kinachotoka ndicho dalili, na mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo.

Kama huna jibu sahihi la kulinganisha, pima kwa akili kwanza. Kiasi kinachopimwa kwenye mizani ya maabara ya shule huwa ni moli chache au sehemu ndogo ya moli, si mabilioni. Idadi ya chembe, kinyume chake, lazima iwe kubwa kupita kawaida, yenye kipeo cha ishirini na kitu. Mtu aliyepata moli 4 × 10²⁴ kutoka kwenye kijiko cha chumvi hana haja ya kusubiri mwalimu asahihishe.

Njia za kuingia kwenye moli kwa ngazi ya sekondari ni nne tu:

- gramu ÷ masi ya moli moja
- idadi ya chembe ÷ 6.02 × 10²³
- ujazo wa gesi ÷ ujazo wa moli moja ya gesi (dm³ 22.4 kwenye nyuzi 0 na kanieneo ya atmosfia 1)
- ukolezi × ujazo wa mmumunyo kwa dm³

Kutoka kwenye moli, geuza alama: penye kugawanya zidisha. Gramu hazigeuki kuwa lita wala chembe bila kupita hapo katikati, na wanaotafuta njia ya mkato ndio wanaojaza orodha ya makosa hapa chini.

Dalili: kipeo cha kutisha (10⁴⁶ au 10⁻²⁴)

Sababu inayoongoza ni kuzidisha palipotakiwa kugawanya, au kinyume chake. Ukiwa na moli 2 ukazigawanya kwa 6.02 × 10²³ unapata 3.3 × 10⁻²⁴, yaani chini ya chembe moja. Chembe haziwezi kuwa pungufu ya moja. Andika vipimo pembeni ya kila namba: "chembe ÷ chembe kwa moli" huacha moli, na ukiona vipimo havikatani ujue alama imegeuzwa.

Sababu ya pili ni kikokotoo, na hii huwapata hata wanaojua. Chembe 3.01 × 10²⁴ ukizigawanya kwa 6.02 × 10²³ unatakiwa upate moli 5. Lakini ukibonyeza 3.01 × 10 ^ 24 ÷ 6.02 × 10 ^ 23 mfululizo, mashine inagawanya kwa 6.02 peke yake, kisha inazidisha kwa 10²³. Unaletewa 5 × 10⁴⁶. Tiba ni kutumia kitufe cha EXP (au ×10ˣ) kwa kila namba yenye kipeo, au kufunga mabano namba yote ya chini. Bila kikokotoo, gawanya namba za mbele peke yake na utoe vipeo peke yake: 3.01 ÷ 6.02 = 0.5; 24 − 23 = 1; jibu 0.5 × 10¹, yaani 5. Kwa kweli njia hii ya mkono ni salama kuliko mashine.

Dalili: jibu limezidi au limepungua mara 1000

Hapa hakuna la kujadili sana. Sentimita za ujazo zimeingizwa kwenye fomula inayotaka desimita za ujazo. Sm³ 250 ni dm³ 0.25, na lita moja ni dm³ 1. Sababu isiyo ya kawaida sana ni miligramu zilizosomwa kama gramu, au kilo zilizoachwa kama zilivyo kwenye maswali ya viwandani. Geuza vipimo kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kazi yako, si katikati.

Dalili: jibu ni nusu, maradufu, au mara tatu

Dalili hii ina vyanzo vingi, kwa hiyo vikague kwa mpangilio huu.

1. Gesi za atomu mbili mbili. Oksijeni iliyo hewani ni O₂, kwa hiyo moli yake ina gramu 32, si 16. Gramu 16 za gesi hiyo ni moli 0.5 za molekuli. Hali ni hiyo hiyo kwa haidrojeni (2), naitrojeni (28) na klorini (71).

2. Swali limeuliza atomu, wewe umejibu molekuli. Moli 0.5 za maji zina molekuli 3.01 × 10²³, lakini zina atomu 9.03 × 10²³ kwa sababu kila H₂O ina atomu tatu. Piga mstari chini ya neno lenyewe kwenye swali: atomu, molekuli au ioni. Moli isiyotajwa ni ya nini haina maana. Moli 1 ya CaCl₂ ikiyeyuka majini inatoa moli 1 ya ioni za kalsiamu na moli 2 za ioni za kloraidi.

3. Mlinganyo haujasawazishwa, au umesawazishwa lakini uwiano wake haukutumika. Kwenye N₂ + 3H₂ → 2NH₃, moli 0.3 za haidrojeni zinatoa moli 0.2 za amonia. Aliyepata 0.3 ameruka uwiano; aliyepata 0.45 ameugeuza.

4. Mabano kwenye fomula. Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani. Ca(OH)₂ ni 40 + 2(16 + 1) = 74, na anayepata 57 au 58 amesahau mabano kabisa au amezidisha haidrojeni peke yake. Kwa wanaoishi karibu na duka la pembejeo kuna kipimo kizuri: urea ni CO(NH₂)₂, masi yake 60, na naitrojeni ndani yake ni gramu 28. Hiyo ni asilimia 46.7, inayokubaliana na 46 iliyochapwa kwenye mfuko. Ukisahau mabano unapata masi 44 na naitrojeni asilimia 32, na mfuko unakusuta.

Dalili: gramu za zao (kinachotokana na mmenyuko) haziendani na kitu chochote

Mfano: gramu 4.8 za magnesiamu zimeungua zote, na mwanafunzi ameandika kuwa oksidi iliyopatikana ni gramu 4.8, kwa hoja kwamba mlinganyo 2Mg + O₂ → 2MgO una mbili kwa mbili. Jibu sahihi ni gramu 8.0. Sababu karibu kila mara ni moja: uwiano wa mlinganyo umetumika kwenye gramu. Namba za mlinganyo zinahesabu vipande, hazipimi uzito. Trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kanga zote zina mayai 30, lakini ukiziweka kwenye mizani hazilingani.

Utaratibu usiobadilika: gramu 4.8 ÷ 24 = moli 0.2 za Mg; uwiano 2:2, kwa hiyo moli 0.2 za MgO, 0.2 × 40 = gramu 8.0. Mistari mitatu, na usiunganishe miwili kuwa mmoja mpaka mkono uzoee.

Kama mistari mitatu ipo na bado zao limezidi, angalia kama swali limetaja kiasi cha vitendanishi (vitu vinavyomenyuka) viwili. Hapo kimoja kinaisha kabla ya kingine, na zao linafuata kile kinachoisha. Chukua gramu 10 za kalsiamu kaboneti na sm³ 100 za asidi haidrokloriki yenye ukolezi wa moli 1 kwa dm³:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Kaboneti ni moli 0.1 na asidi ni moli 0.1. Zinalingana, na mtego uko hapo hapo. Moli 0.1 za kaboneti zinahitaji moli 0.2 za asidi, ambazo hazipo. Asidi inaisha kwanza, kaboni dioksidi inayotoka ni moli 0.05, yaani gramu 2.2, na gramu 5 za kaboneti zinabaki chini ya chombo. Usichague kinachoisha kwa kuangalia gramu chache, wala moli chache. Gawanya moli za kila kitendanishi kwa namba yake kwenye mlinganyo; chenye jibu dogo ndicho kinachoisha.

Dalili: kwenye gesi, jibu limekosea kwa 1.07 au 0.93

Uwiano wa 24 kwa 22.4 ni 1.07. Umetumia ujazo wa joto la chumbani penye nyuzi 0, au umefanya kinyume. Soma sharti la swali: s.t.p. (nyuzi 0 na atmosfia 1) ni 22.4, joto la chumbani ni 24. Swali lisilotaja kitu kwa kawaida huandika ujazo wa moli moja kwenye orodha ya namba zake, kwa hiyo tazama huko kabla ya kukisia.

Kosa adimu kidogo lakini zito ni kutumia 22.4 kwa kitu kisicho gesi. Gramu 18 za maji ya kawaida zinachukua sm³ 18 hivi, hazijai ndoo ya lita 20. Alama ya hali, (g) ya gesi, (l) ya kimiminika, (s) ya yabisi au (aq) ya mmumunyo wa majini, ndiyo inayokuruhusu au kukukataza.

Sasa kuna jambo linalowahusu wanaofanya jaribio lenyewe mkoani Dodoma, na vitabu vingi havilisemi. Mji uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa kwenye kimo hicho ni kilopaskali 88.6 hivi, wakati ile ya usawa wa bahari ni 101.3. Gesi inayosukumwa kidogo hutanuka zaidi, kwa hiyo kwenye nyuzi 25 moli moja ya gesi kavu hapa inachukua dm³ 28, si 24. Ukiyeyusha gramu 0.65 za zinki (moli 0.01) kwenye asidi salfuriki nyepesi, kitabu kinakuahidi haidrojeni sm³ 240. Ukiikusanya juu ya maji kwenye maabara ya Dodoma utaona karibu sm³ 290, kwa kuwa mvuke wa maji nao unachukua nafasi: kwenye nyuzi 25 mchango wake ni kilopaskali 3.2 hivi.

Uwiano wa 1.2 kwenye jaribio la namna hii si kosa lako. Andika namba uliyoisoma, andika joto la chumba, kisha eleza tofauti. Wanaopunguza usomaji ili ufanane na kitabu wanaharibu jaribio lililofanikiwa. Lakini kama uwiano umeshuka chini ya moja, kuna gesi inayovuja: kagua kizibo na mpira wa bomba kwanza, halafu uangalie kama zinki imekwisha kweli. Haidrojeni inalipuka, pasiwe na moto wa aina yoyote jirani, na kama chombo kimeziba na kizibo kinainuka, sogea mbali na umwite fundi sanifu wa maabara badala ya kukishika.

Dalili: mmumunyo umekuwa hafifu, kama 0.64 ya uliotaka

Hii ni dalili ya mrututu (salfeti ya shaba). Fuwele za buluu, zile zile ambazo mashamba ya zabibu huzichanganya na chokaa kupambana na ukungu, ni CuSO₄·5H₂O. Masi yake ni 63.5 + 32 + 64 + 90 = 249.5. Anayeyasahau maji hayo matano anatumia 159.5, anapima gramu 15.95 akitaka moli 0.1, na kwa kweli anapata moli 0.064. Nukta iliyo katikati ya fomula si ya kuzidisha. Inasema maji hayo yamo ndani ya fuwele na mizani inayapima.

Jasi inayochimbwa Itigi ni mfano mwingine: CaSO₄·2H₂O, masi 172, na karibu asilimia 21 ya uzito wake ni maji. Ikichomwa kiasi kupata unga wa plasta, inabaki CaSO₄·½H₂O yenye masi 145. Yaani kila gramu 172 zinapoteza gramu 27. Kama umechoma na uzito uliopotea ni mdogo kuliko hesabu, rudisha motoni, acha ipoe, pima tena. Rudia mpaka vipimo viwili vya mwisho vifanane.

Sababu ya mwisho: chupa imekaa wazi. Mrututu uliopauka umepoteza sehemu ya maji yake, na hapo 249.5 yako ni sahihi lakini kilicho chupani si hicho tena. Usitumie hesabu hizi kupanga dawa ya shambani. Kipimo cha kunyunyizia zabibu kinatoka kwenye lebo na kwa afisa ugani.

Dalili: fomula yenye desimali

Oksidi ina chuma asilimia 70 na oksijeni asilimia 30. 70 ÷ 56 = 1.25; 30 ÷ 16 = 1.875, uwiano 1 : 1.5. Wengi wanalazimisha 1.5 iwe 2 na kuandika FeO₂. Zidisha kwa 2 upate Fe₂O₃, kitu kile kile kinachoupa udongo wetu wekundu. Ukiona .33 au .67 zidisha kwa 3, ukiona .25 au .75 zidisha kwa 4. Ruhusa ya kukaribisha ipo pale tu desimali inapokuwa karibu sana na namba nzima, kama 1.02 au 2.98. Kama haitulii kwa namba yoyote ndogo, huenda umegawanya kwa namba atomia badala ya masi: chuma ni 26 kwa namba, 56 kwa masi.

Dalili: titresheni haikubali

Titresheni ni kupima ukolezi kwa kudondosha mmumunyo mmoja kwenye mwingine mpaka mmenyuko ukamilike. Hapa tenganisha mambo mawili: kosa la karatasi na kosa la mkono.

La karatasi ni nusu au maradufu tena. Sm³ 25 za sodiamu kaboneti ya moli 0.1 kwa dm³ zimemalizwa na sm³ 20 za asidi haidrokloriki. Kaboneti ni 0.1 × 0.025 = moli 0.0025. Uwiano ni 1:2, kwa hiyo asidi ni moli 0.005, na ukolezi wake ni 0.005 ÷ 0.020 = 0.25. Aliyepata 0.125 ameisahau ile mbili. Aliyepata 0.2 ametumia pipeti ya 20 kichwani wakati mkononi ana ya 25, au kinyume. Soma kilichoandikwa kwenye kioo na ukinakili kabla ya kuanza.

Kama bureti yenyewe imeonyesha nusu ya ujazo uliotarajiwa, angalia kiashiria. Kwenye kaboneti, fenoftalini inapoteza rangi kaboneti ikiwa imegeuka haidrojenikaboneti tu, yaani nusu ya safari. Methili ya chungwa ndiyo inayofika mwisho.

Makosa ya mkono, kwa wingi wake:

- Vipimo vinapishana kwa zaidi ya sm³ 0.2: umepita mwisho. Karibu na mwisho dondosha tone moja moja, na usome chini ya mkunjo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake.
- Asidi inatumika nyingi kupita kiasi: bureti ilisuuzwa kwa maji ikajazwa bila kusuuzwa kwa asidi yenyewe, kwa hiyo asidi imezimuliwa. Au kulikuwa na kiputo cha hewa chini ya koki. Faneli iliyoachwa juu ikidondosha hufanya kinyume: ujazo unaosomwa hupungua.
- Chupa ya koniko ilisuuzwa kwa mmumunyo utakaopimwa. Moli za ziada zimebaki ukutani. Hiyo isuuzwe kwa maji tu.

Maji gani? Yaliyokenekwa, na katika Kanda ya Kati suala hili si dogo, maana maji mengi ya visima yana chumvi zinazokula asidi. Tuseme maji yana alkali ya miligramu 300 kwa lita ikipimwa kama kalsiamu kaboneti. Hizo ni milimoli 3, zinazohitaji milimoli 6 za asidi. Ukiongeza sm³ 20 za maji hayo kwenye chupa, utatumia sm³ 1.2 zaidi za asidi ya moli 0.1. Kukagua ni rahisi: titiri maji matupu. Tone moja au mawili yakitosha kugeuza methili ya chungwa, maji ni mazuri. Yakihitaji zaidi, badilisha.

Pa kusimama kabisa: kuandaa asidi nyepesi kutoka kwenye chupa ya asidi kali. Hesabu yake ni fupi mno, na wepesi huo ndio unaowaponza watu. Asidi salfuriki ya asilimia 98 ina moli 18.4 kwa dm³, na lita moja ya moli 0.1 inahitaji sm³ 5.4 tu. Fanya hesabu, mwoneshe mwalimu, na kazi ya kumimina umwachie yeye au fundi sanifu. Asidi ndiyo inayoingizwa kwenye maji, polepole. Maji yakimiminwa juu ya asidi yanachemka na kuruka usoni.

Uwiano haufanani na chochote hapo juu

Ukiwa kati ya 0.98 na 1.02, huna tatizo. Ni 35 badala ya 35.5 kwa klorini, 64 badala ya 63.5 kwa shaba, au umekaribisha mapema. Tumia masi zilizochapwa kwenye karatasi ya mtihani hata kama kichwani una nyingine, na ubaki na tarakimu nne mpaka mstari wa mwisho. Tangu 2019 namba ya Avogadro (idadi ya chembe katika moli moja) imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, lakini tofauti yake na 6.02 haifiki hata asilimia 0.04, kwa hiyo usiisingizie.

Ukiwa nje ya hapo, na mistari yote umeikagua na vipimo vyake, mpe mwenzako swali bila kumwonesha kazi yako. Mkipata namba moja nyote wawili, peleka kitabu kwa mwalimu. Majibu ya nyuma ya kitabu huchapwa na watu, na baadhi yake yamekosewa.